Anza na Woga

Mwaka 2017 nilikuwa na mimba ya miezi minane, na nilikuwa najifunza Kiingereza huko ugenini, mtaa wa Bellevue, kwa jirani yangu, fundi cherehani kutoka Lubumbashi aliyewahi kuwa mwalimu kwao. Kila Jumapili akitoka kanisani alitufundisha sisi wapangaji maneno yanayokwenda mawili mawili: ngazi za nyumba yetu ni tiring, zinachosha; sisi tunaozipanda ni tired, tumechoka. Mbwa wa mwenye nyumba ni frightening, anatisha; mimi ninayemkwepa ni frightened, nimeogopa. Ya mbwa na ngazi niliyapenda. Ya kujisema mwenyewe yalinikera, nikawa nabisha. Kwetu Tanga hata mwenye homa hujibu "sijambo" kwanza, ndipo aseme "ila", shida ifuate.

Jumatatu moja mtoto hakucheza tumboni tangu alfajiri. Saa sita nikaenda kliniki, hofu imenijaa. Nesi akaniuliza, how are you. Nikajibu, fine, thank you, kisha nikangoja aniulize na habari za nyumbani, nipate kufika kwenye ila yangu. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akamwita mwingine. Nami, na adabu zangu zote, nikaondoka.

Jirani aliponiona alisimamisha cherehani. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye "fine" alinikatiza.

"Ule nesi haiko ndugu yako," akasema. "Rudia kule. Anza na woga."

Akafunga mlango, akanishika mkono, tukaenda. Foleni ilikuwa ndefu. Aliniombea njia kwa Kiingereza, na kina mama wakatupisha. Nesi hajafungua mdomo, nikasema, "Sister, I am frightened," nikaweka mkono tumboni.

Alinilaza papo hapo. Akapitisha kifaa chake cha kusikilizia moyo wa mtoto upande wa kulia, hakikutoa sauti. Nilisoma kila dua niliyofundishwa, na jirani mlangoni akaomba kwa Kifaransa. Nesi akakihamisha kushoto, na moyo wa mwanangu ukasikika, mbio mbio, kama cherehani kwenye mshono ulionyooka. Nililia bila haya.

Nesi akanifuta tumbo, akaniuliza tena, how are you. Jirani alikuwa ananinong'oneza neno jipya, relieved, la mtu aliyeshushiwa mzigo. Nikaona nitajifunza Jumapili.

"Fine, thank you," nikamjibu nesi, na safari hii sikuwa na ila.