Kamioneti ya Baba kwenye Barabara za Wengine

Mpaka leo sina uhakika kama ni sahihi kuiita barabara. Ilikuwa plaiwudi, vipande vilivyounganishwa mpaka vikajaza chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya udongo huko Rubondo, mojawapo ya kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Juu ya ubao huo kaka yangu mkubwa alichimba mfereji mwembamba uliopindapinda na kurudi ulikoanzia, na kandokando yake, kushoto na kulia, akabandika utepe wa shaba. Gari dogo lina pini chini ya pua. Pini huingia mferejini, visuko viwili vya nyuzi za shaba hugusa utepe, umeme wa betri ya sola hupanda mpaka kwenye mota, na gari huondoka. Naeleza kwa urefu kwa sababu kila niliyemweleza kwa ufupi alidhani nazungumzia mchezo wa watoto, na dhana hiyo ilinikera kuliko ilivyostahili.

Nilimwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu kule Kivu ya Kusini tulikotoka. Alikuwa fundi wa simu na redio sokoni. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamili mjini Mbarara, nikipima chumvi katika maji ya visima vya kambi, na mwisho wa juma nilirudi nyumbani. Alipogundua mtandaoni kwamba kuna watu wazima, wengi wao wazee wa nchi za baridi, wanaokusanya magari ya namna hii na kuyajengea barabara katika vyumba vya chini vya nyumba zao, alishinda akizitazama picha zao. Kisha akaniambia, "Mudogo, kumbe tuko bengi."

Jukwaa lao lilikuwa na adabu zake. Mmoja huonyesha kabati la magari yake, mwingine huuliza rangi ile imepatikana wapi, wa tatu hulalamikia kona inayomtupa nje. Yaya alipiga picha. Mimi niliandika Kiingereza. Aliwaonyesha jinsi ya kuvisha magurudumu ya nyuma mpira wa ndani wa baiskeli, na jinsi anavyopuliza mferejini kwa pampu, kwa kuwa vumbi la Nakivale wakati wa kiangazi huingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Wao walimfundisha kubandika vipande vya madini ya risasi tumboni mwa gari ili lisiruke kwenye kona. Mzee mmoja mstaafu, ambaye nitamwita mwenyeji kwa sababu ndiyo kazi aliyokuja kutufanyia, aliomba kuona barabara nzima. Yaya alipanda juu ya meza kupiga picha. Mzee akajibu kwamba ni barabara nzuri yenye kona moja mbaya, na kwamba bila kona mbaya mtu huchoka haraka. Yaya alinitaka nimsomee jibu hilo tena na tena, kana kwamba maneno yangeongezeka.

Watu hao wana desturi ya mbio ambazo mwenye gari haendi. Unaunda gari, unalituma kwa posta, nalo linasafiri katika sanduku moja na magari ya wenzako kutoka nyumba hadi nyumba. Kila mwenyeji hulikimbiza kwenye barabara yake kwa niaba yako, hurekodi video, kisha hulipeleka kwa anayefuata. Mbio zikiisha, kila gari hurudi kwa mwenyewe. Kanuni kubwa ni moja: mwenyeji anaweza kufuta vumbi, lakini hagusi kitu ndani ya gari bila neno la aliyeliunda. Niliposoma kanuni hizo kwa sauti nilijua Yaya ataingia. Tangu tufike Nakivale hakuwa amewahi kuvuka Mbarara.

Alichonga kamioneti ya baba.

Baba alikuwa dereva. Alipakia maharage na mihogo kati ya Uvira na Bukavu, kwa kamioneti ya buluu, lori dogo ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umetolewa kwenye gari jingine. Asubuhi moja, nilipokuwa sijaanza shule, aliondoka nayo. Hakurudi, wala kamioneti haikurudi. Hatukuwa na picha ya gari wala ya mtu. Yaya alichonga kwa kumbukumbu, kutoka kwenye mguu wa kiti kilichovunjika. Tulibishana kuhusu ule mlango: yeye alisema ulikuwa mweupe, mimi nilisema kijani. Tulimwuliza mama. Alikuwa akipepeta maharage, akaendelea kupepeta. Tangu tukimbie hakuwahi kuitaja kamioneti ile, na hakuanza siku hiyo. Yaya aliupaka mlango rangi nyeupe, kwa haki ya mkubwa.

Mama alisema neno pale tu aliposikia kwamba gari litatumwa.

"Itaenda fasi gani?"

"Kwa bazungu, Mama. Itakimbia kule, kisha itarudia."

"Ile ingine ilikwenda. Ilirudia?"

Yaya alicheka. "Mama, iyi iko na adresi."

Mama hakucheka. "Basi muniletee. Minasema muniletee apa, mu mikono."

Yaya aliahidi mbele yangu. Tuliifunga kamioneti ndani ya kipande cha kitenge cha mama, nikaibeba juu ya boda, kupitia Masha ambako ng'ombe wenye pembe ndefu walitusimamisha barabarani, mpaka posta ya Mbarara. Nilipoikabidhi nilihisi nimefanya jambo lisilorekebishika, na nikajieleza kwa utulivu kwamba hisia si ushahidi.

Kifurushi kikiwa bado njiani, figo za Yaya zilianza kushindwa. Alianza kwa kuvimba miguu, kisha uso. Walimleta wodini Mbarara, nami nikawa natoka maabara kila mchana kwenda kuketi kando ya kitanda chake. Ni pale wodini tulipotazama video ya kwanza ya mwenyeji.

Barabara yake ilikuwa nyeupe na laini, yenye mifereji kadhaa sambamba, vibanda na miti midogo. Magari yalipangwa mstari mmoja. Alipobonyeza, yote yalikwenda mbele isipokuwa letu. Kamioneti ya baba ilikwenda kinyumenyume, kwa kasi, na kugonga kibanda. Mtu mmoja jukwaani aliandika kwamba mjenzi anaishi kusini mwa ikweta, na huenda huko magari yote huenda hivyo. Nilisita kumtafsiria Yaya utani huo. Nilipomtafsiria alicheka mpaka muuguzi akageuka.

Kosa lilikuwa letu, na lilikuwa rahisi. Pande mbili za utepe zina chanya na hasi, na duniani kote watu wa magari haya wamekubaliana upande upi uwe upi. Sisi tulipounganisha betri mara ya kwanza hatukumwuliza mtu. Gari lilikwenda mbele, tukashangilia, na kila gari tuliloliunda baadaye tukalifunga nyaya kulifuata lile la kwanza. Ni kosa la watu wenye barabara moja tu. Hatukuwa na ya pili ya kutuonyesha kwamba tumegeuza.

Mwenyeji aliandika kwa upole. Njia ya kwanza: angegeuza nyaya za barabara yake kila zamu yetu ikifika, na wenyeji wengine walikuwa tayari kufanya vivyo hivyo. Njia ya pili: angegeuza nyaya ndani ya gari. Ila bodi ilikuwa imegandishwa kwa gundi ngumu dhidi ya vumbi letu. Kuifungua kungehitaji msumeno.

"Tumuache ageuze barabara yake," nilimwambia Yaya. "Kwake ni kazi ya kidogo."

"Na mwenye kufuata? Na mwenye kufuata ule? Bote bageuze barabara juu yetu?"

"Basema haiko shida."

"Kwangu iko. Unga banatupa, blanketi banatupa. Mbio pia batupe?"

"Yaya, ikipasuka?"

"Itapasuka. Andika: afungue."

"Na Mama?"

"Mama alisema irudie. Hakusema irudie bila kovu." Alifumba macho. "Andika, Profesa. Usitafute maneno ya chuo."

Niliandika pale pale, sentensi mbili. Hata hivyo nilijiuliza kama neno nililotumia lilimaanisha kufungua au kukata, na kama mzee angeielewa tofauti, na kama tofauti yenyewe ilikuwapo.

Alikata. Alitutumia picha kabla ya kujitetea: ufa ulianzia juu ya paa ukateremka mpaka kwenye mlango mweupe. Alisema amesikitika sana, kwamba ameuziba kwa gundi lakini utaonekana daima. Kisha ikaja video. Kamioneti iliondoka na wenzake, mbele, ikiyumba kidogo kwa uzito wa mti wake. Kwenye kona ya mwisho iliruka nje, na mkono wa mzee wenye madoa ya umri ukaingia kwenye picha, ukairudisha mferejini. Ilimaliza likiwa limebaki gari moja tu nyuma yake.

"Si ya mwisho," alisema Yaya.

"Ile ya mwisho mota iliungua."

"Hiyo ni shida yake."

Yaya alifariki kabla sanduku halijafika nyumba ya tatu.

Kuhusu siku zile naweza kusema machache kwa usahihi. Mvua ilikuwa ikinyesha. Waombolezaji walikuwa wengi kuliko viti, na wanaume wa kanisa waliingia chumba cha nyuma, wakaukata ubao kwa msumeno, wakaugongomea miguu, ukawa mabenchi. Vipande vya kona havikufaa kukaliwa, vilikwenda jikoni. Nilisimama nikiutazama moto, na pembeni mwake ulikuwa wa kijani kwa sababu ya shaba. Ile kona mbaya aliyoisifu mzee ilikuwa humo. Uani, jirani yetu, mama mmoja Mrundi, alipitisha kidole kwenye mfereji wa benchi lake.

"Hii mbao nani aliipasua hivi?" aliniuliza.

"Ni marehemu, Mama. Ilikuwa barabara."

Aliuondoa mkono haraka, akasogea pembeni, akaketi nusu nje ya benchi mpaka jioni, asiuguse mfereji hata kwa nguo.

Baada ya mazishi niliwaarifu watu wa jukwaa. Waliandika mengi, na wengine walibandika picha za magari yao wakiyavisha utepe mweusi. Mwenyeji aliuliza swali moja: je, kamioneti irudi sasa, au imalize mzunguko? Nilimpelekea mama swali hilo, kwa kuwa ndiye aliyeahidiwa.

"Yaya wako alitaka nini?"

"Imalize."

"Basi imalize. Lakini minaingoja."

Nayo ikaenda, na miezi ikaenda. Nilirudi Mbarara, lakini nikawa narudia vipimo vilivyokuwa sahihi na kuvitilia shaka vilipolingana. Kila video ilipotoka niliitazama kwanza kuhakikisha ipo. Mwenyeji mmoja alikaa kimya muda mrefu, nami nikampangia vifo kadhaa: moto, mafuriko, moyo. Alikuwa likizoni. Nilipokwenda Rubondo mama alinipokea mlangoni. Aliangalia tu mikono yangu, kama imebeba kitu, kisha akaniandalia chakula.

Kifurushi kilifika msimu wa mvua uliofuata. Karani wa posta alinitaka nikifungue mbele yake. Aliposikia matamshi yangu aliacha Kiingereza, akachukua Kiswahili chake cha kambi za jeshi.

"Banange! Gari ya kuchezea. Ya mtoto wako?"

"Ya kaka yangu."

"Na yeye mwenyewe iko wapi?"

Niliifunika kamioneti tena. Alinitazama, akakifunga upya kwa mikono yake mwenyewe, vizuri kuliko nilivyokikuta. "Enda nayo salama, ssebo," alisema kwa heshima.

Nilifika Rubondo jua likiwa bado juu ya migomba. Mama alikuwa ameketi uani, juu ya benchi refu kuliko yote, lile lililokatwa kutoka kwenye sehemu iliyonyooka. Nilimwekea kifurushi mikononi, kama alivyosema. Alifungua kitenge chake, akautambua ufa kwa kidole kabla ya jicho, akaufuata kutoka paani hadi mlangoni.

"Iendeshe," alisema, akainuka.

Utepe wa shaba ulikuwa bado kwenye benchi, umeng'arishwa na nguo za watu. Nilileta betri ya Yaya, nikabana nyaya pale pale alipokuwa akizibana yeye, nikaingiza pini mferejini, pua ikimwelekea mama. Nikabonyeza.

Kamioneti ikaenda kinyumenyume, ikimwacha.

Nilielewa mara moja, na kuelewa hakukunisaidia. Ilikuwa imegeuzwa ili ilingane na barabara zote za wengine. Ni ubao wetu peke yake uliobaki kama ulivyokuwa. Niliachia kitufe.

"Ngoja, Mama. Minageuza nyaya."

"Acha." Alikuwa amesimama mwisho wa benchi, mikono kifuani. "Baba yenu alikuwa anaitosha inje ya parseli, inje ya kiwanja yetu, ivyo ivyo. Kila asubuhi. Kinyumanyuma, sababu mule ndani hakukuwa fasi ya kugeuzia. Mimi minasimama pa kibambazi, pa ukuta ya nyumba, minaangalia batoto basikuwe nyuma."

Nilishika tena kitufe. Nilidhani amemaliza.

"Na ule mulango," alisema, "haukuwa mweupe. Ulikuwa wa manjano."

Tulikuwa tumekosea sote wawili, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

"Endesha," alisema mama.

Nilibonyeza tena, taratibu. Kamioneti ilienda nyuma, ikimtazama, mpaka karibu na pale mfereji ulipokatwa kwa msumeno, nami nikaachia kitufe kabla haijaanguka.