Da Pasi na Kikombe cha Maji ya Moto

Nilimjua Da Pasi kwa sababu ya vitambaa vya meza. Mimi hukodisha viti, meza na vitambaa vyake kwa watu wenye shughuli, na dobi niliyekuwa naye alikuwa akinirudishia vyeupe vikiwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mtu mmoja akaniambia, nyuma ya ile gereji kuna mwanamke asiyekaa chini, mpelekee. Nikampelekea furushi.

Nilimkuta mkono huu unapiga pasi, mkono ule unageuza nguo kwenye beseni, na mdomo unabishana na mteja aliyekwisha kuondoka. Hakunitazama mimi. Alitazama furushi.

"Haya mafuta umeyafuga?"

"Ungekuwa unayaweza ungeuliza?"

"Nayaweza. Nauliza nijue kama nikuonee huruma au nikuchape bei."

Nikajua nimekutana na mtu. Tulivutana mpaka pasi yake ikapoa, tukaafikiana hivi: vitambaa vyangu vyote ni vyake, sitampa dobi mwingine hata kimoja, naye, nikiwa na shughuli, ataweka kando kazi za watu wote afue zangu kwanza, na hatamfulia mtu mwingine yeyote anayekodisha viti. Hilo la mwisho nililipigania hasa, kwa kuwa hakuna aliyejua anavyotoa madoa ya mafuta. Alikuwa akishusha pazia kwanza, ndipo anaanza.

Meno yake yalikuwa yamepandana kama watu wanaogombea mlango. Moja lilishang'olewa kwa kuoza, na daktari wa meno akamwambia mengine yako njiani, maana mswaki haufiki kati yao. Basi akafungwa waya za kuyanyoosha. Mwanamke mzima, mwanawe ananyoa ndevu, mdomo umejaa chuma. Wateja hawakumwacha.

"Da Pasi, antena hiyo inashika stesheni gani?"

"Ya wambea. Sema tena, nakupata vizuri sana."

Kilichonikera mimi hakikuwa chuma, kilikuwa mswaki. Alipigilia kioo kidogo ukutani juu ya meza ya pasi, na mswaki akauchomeka kwenye kilemba kama seremala anavyochomeka penseli sikioni. Akila hata kipande cha mkate, mbio bombani. Anasukutua, anasugua juu ya waya, anasugua chini ya waya, kisha anatoa kiburashi chembamba, mfano wa kile cha kusafishia chupa ya mtoto, anakipenyeza nyuma ya waya jino kwa jino. Mimi nimesimama, vitambaa begani.

"Nimekuja kukusubiri wewe au meno?"

"Mama Viti, mchuzi ukilala kwenye kitambaa chako huwa unasemaje? Na huku ni vilevile. Daktari kanionyesha picha ya mtu aliyefanya uvivu. Walipobandua chuma, meno yalibaki na miraba myeupe, kama ukuta ulioondolewa fremu. Mimi sitaki hayo."

Akanipita mbio kurudi kwenye pasi, akaigusa kwa kidole chenye mate, akarudi tena kwenye kioo.

Siku waya zilipotoka, meno yalikuwa yamenyooka kama shati lililopita mikononi mwake. Daktari akampa riteina, kigamba cha plastiki angavu kinachovikwa juu ya meno ili yasirudi yalikotoka. Akaambiwa aivue wakati wa kula tu, na aioshe kwa maji baridi na mswaki laini. Hili la maji baridi halikumkaa. Kwa dobi, maji baridi ni ya kusuuzia, si ya kutolea uchafu. Ile plastiki ilipoanza kufanya ukungu na utelezi, akawa kila mara anaivua, anaisugua, anainusa, anaisugua tena.

Alhamisi moja jioni nikafika na kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: shughuli ya Jumamosi, ukumbi mzima, na vitambaa ndiyo kwanza vimetoka shughuli nyingine, vimejaa mafuta. Nikamkuta anazunguka beseni. Kiganjani ana kitu kimejikunja kama ganda la kitunguu lililoangukia kikaangoni.

"Umefanya nini?"

"Nimeiosha."

"Kwa moto?"

"Nimeitia kwenye kikombe, nikaimiminia maji ya birika, kama ninavyofanya kola za mashati." Akajaribu kuivaa mbele yangu. Ikagoma, ikadunda. "Muda wote ule wa chuma, Mama Viti! Kwa kikombe kimoja!"

Alikuwa ameshampigia daktari. Daktari alisema aje Ijumaa asubuhi achukuliwe vipimo upya. Akikosa hapo, daktari anasafiri mwezi mzima, na meno yaliyotoka kwenye waya juzi hayasubiri mwezi. Asubuhi hiyohiyo ndiyo ya kufua vitambaa vyangu, la sivyo havikauki.

"Niachie asubuhi," akasema. "Nitafua mchana."

"Vya mchana vitakaushwa na nini, na maombi?"

"Basi mpe dobi mwingine, mara hii tu."

"Anayetoa mafuta? Nitajie jina."

Akarudi kuzunguka beseni. Ningeweza kumshika kwa masharti yetu, na angebaki, maana akisema kasema. Lakini angenifulia kwa hasira, na kitambaa kinachofuliwa kwa hasira huchanika. Tena nilikuwa nimekwisha kuona biashara nyingine pale.

"Nenda," nikamwambia. "Nitafua mwenyewe na wapagazi wangu wa viti. Ila unionyeshe mafuta yanavyotoka."

Akasimama. Tangu nimjue sijawahi kumwona amesimama tu. Ulimi ukawa unapita mbele ya meno, unarudi, unapita.

"Hiyo ndiyo kula yangu."

"Na hayo ndiyo meno yako."

"Una roho ngumu, dada."

"Ndiyo maana nina viti."

Akacheka bila kupenda. Kisha akaanza kuzunguka tena, nami nikajua anapiga hesabu. "Sawa. Lakini kufunganishwa na wewe peke yako kuishe. Nimfulie nimtakaye, hata mwenye viti."

Nikavuta, akavuta. "Mimi naachia mlango," akasema, "wewe hutaki kuachia hata dirisha?" Saa ilikuwa inakwenda. Nikakubali.

Akashusha pazia, safari hii nami nikiwa ndani.

"Kitambaa kikavu, maji yasikiguse. Saga chaki ya ubaoni, mwagia juu ya doa, iache inywe mafuta. Kung'uta. Halafu sabuni ya vyombo, kwa kidole, si kwa brashi. Maji ya moto mwisho kabisa. Ukiyatanguliza umelipika doa, halitoki tena." Alipotaja maji ya moto akakunja uso, akalisukuma birika kwa mguu.

Ijumaa tulifua mpaka wapagazi wakaanza kunitolea macho. Vitambaa vingi vilitoka. Vilivyobaki na kivuli cha njano nilivitandika kwenye meza za nyuma, karibu na spika, ambako hakuna anayependa kukaa. Da Pasi alirudi mchana wa Ijumaa hiyohiyo, akapita kwenye kamba akivipapasa kimoja kimoja, akanyakua viwili akavirudisha kwenye beseni bila kuniuliza.

Riteina mpya ilitoka wiki iliyofuata, akaipokea kwa msaidizi wa daktari. Jino moja la chini lilikuwa limeshaanza kulala, ikambana siku kadhaa, likarudi. Sasa anaiosha kwa maji ya bomba na mswaki laini, bado anainusa.

Mimi, masharti yakiwa yamekwisha, nimeweka mabeseni nyuma ya stoo yangu niokoe ujira wa dobi, sipeleki tena furushi kwa mtu. Chaki ninayo, mpangilio ninao, lakini vitambaa vyangu si kama vilivyokuwa. Mwenye mahema wa mtaa wa pili na yule jamaa wa viti vya plastiki wanafua kwa Da Pasi, na vyao vinang'aa. Shughuli mbili nilizozizoea zimeshahamia kwao. Kwa hiyo nilipata ufundi wake na mikono iliyochubuka. Yeye alipata meno yake, na wapinzani wangu wawili.