Hita ya Papa Adalbert na chiriku wa mume wangu

Niliingia dukani kwa Papa Adalbert na mfuko wenye ndege wawili waliokufa. Nikaumwaga mezani mbele ya wateja, nikamwita muuaji.

Nisomeni mpaka mwisho, maana asubuhi ile niliandika kwenye kundi hili hili kwamba msinunue kitu kwake.

Chiriku wale walikuwa wa mume wangu, Mahamudi. Volkano ilipotutoa mtaa wa Mapendo, hapa Goma, mwaka 2021, wenzetu walikimbilia Sake na magodoro. Yeye alibeba tundu la ndege. Nilimcheka njia nzima.

Nyumba yetu ilipasuka kwa matetemeko, tukapanga nyingine upande wa Lac Vert. Mwaka uliofuata vita vikafunga njia ya Butembo, Mahamudi akakwama huko na lori. Kila akipiga simu anaulizia mtoto, kisha ndege.

Julai baridi ilikaza. Mtoto wetu, Ridhwani, alikuwa na miezi saba na kikohozi kisichoisha. Nikaenda kutafuta hita ya umeme.

Papa Adalbert, muuzaji, aliniuliza kama nafuga ndege. Nilipokubali, akaiweka kando hita niliyoipenda. Alisema imepakwa ile dawa ya sufuria zisizoshika chakula, ikishika moto inatoa hewa inayoua ndege. Akanipa nyingine ya umeme, yenye mafuta ndani, isiyopakwa dawa hiyo, ghali zaidi.

Hapo nikaanza kumshuku. Muuza hita anajulia wapi habari za mapafu ya ndege? Niliinusa mbele yake kama samaki wa juzi.

Nyumbani nilifunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kitenge ili joto lisitoke. Na kwa kuwa sikumwamini, nikalitungua tundu kutoka msumari wake wa juu. Si sumu ingepanda na joto? Nikaliweka sakafuni, kona ya mbali.

Asubuhi ya tatu walikuwa wamelala miguu juu.

Nikamwachia wifi yangu, Jamila, mtoto. Nikapanda pikipiki na hita mapajani, hasira imenijaa.

Papa Adalbert aliichomeka hita, akainusa, akawatazama ndege.

"Mama, hii ndege ilikuwa inalala wapi?"

"Chini, kwenye kona. Mbali na sumu yako."

Akauliza ninakokaa. Nikasema Lac Vert. Uso ukambadilika.

"Na mutoto iko wapi saa hii?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Mazuku. Ile hewa ya volkano isiyo na harufu, inayotulia mabondeni, hasa Lac Vert, na kuua mbuzi. Niliijua ya mashambani. Sikuwahi kuiwaza chumbani mwangu, ikitoka kwenye ufa wa sakafu nilioufunika kwa mkeka, nami nimeziba madirisha na mlango.

Nikapiga simu. Jamila hakupokea. Nikapiga tena.

"Nilikuwa inje nafua," akasema. "Mutoto amelala kwenye mukeka. Leo amelala sana."

"Mubebe. Toka naye inje, sasa hivi."

Nikasikia mlango, kisha Jamila akimwita jina, mara moja, mara mbili. Ridhwani alipolia, nilikaa chini pale dukani nikalia naye.

Papa Adalbert alifunga duka akanisindikiza. Chumbani aliwasha mshumaa, akaushusha taratibu kwenye ile kona. Ulipokaribia sakafu ulizimika.

"Hii ndege ilikufa badala ya mutoto wako," akasema.

Tulihama siku hiyo hiyo. Hita ile ninayo mpaka leo, na dirisha halifungwi lote.

Ukiwa na ndege, uliza hita imepakwa nini. Ukiwa Goma, usilaze chochote chenye pumzi chini. Na kabla hujamshuku mtu, tazama kwanza ulichokihamisha kwa mkono wako mwenyewe.

Papa Adalbert, nilikuchafulia jina hapa. Nakuomba msamaha hapa hapa.