Kanisa la Kwa Mayige

Tetemeko lilipopita kijijini Sapiwi halikuua hata kuku, ila liliangusha ukuta wa nyuma wa kanisa na kuinamisha paa. Mwinjilisti Mayige aliutazama ule mrundikano wa matofali kama mtu aliyefiwa. Kanisa hilo alilijenga kwa mikono yake, na watu walielekezana hapo kwa jina moja tu: Kwa Mayige.

Haukupita muda, Luhaga, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Bariadi mjini, akajitolea kulijenga upya lote. Alitaka kitu kimoja, jina lake liandikwe juu ya mlango. Mayige akachukia.

Jumapili, chini ya turubai, akahubiri kwa hasira. Chuo cha Biblia kilimwachia historia ya Warumi wa kale kichwani, na siku hiyo aliitoa yote. Akasimulia jinsi tetemeko lilivyobomoa miji kumi na miwili ya jimbo lao la Asia usiku mmoja, Kaisari Tiberio akaisamehe kodi na kuisaidia kujenga, nayo ikamsimamishia sanamu. Filadelfia ikajibandika hata jina la Kaisari.

"Mkono mtupu haulambwi," akasema. "Kaisari alitoa ili alambwe. Lakini Laodikia, tetemeko lilipowapata, walijijenga wenyewe. Hawakupokea kwa Rumi hata tofali."

Mayu Nyanjige, bibi aliyeketi mbele, ambaye wote walimwita mayu, yaani mama, akainua mkono. "Mwinjilisti, Laodikia si ndio wale vuguvugu wa Ufunuo, ambao Bwana alisema atawatapika?"

Watu wakaangua kicheko. Mayige naye ilimbidi atabasamu. Maandiko ni maandiko.

"Hawakutapikwa kwa sababu ya ukuta, mayu," akajitetea. "Ninachosema, nyumba ya Mungu haiitwi jina la mtu."

"Sawa, ng'wanawane, mwanangu. Na hii yetu tunaiitaje?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mayige aliona aibu, aibu ya kweli, maana miaka yote hiyo hakuwahi kumsahihisha mtu aliyesema Kwa Mayige.

Sharti likakubaliwa, Luhaga akajenga. Siku ya kupaka rangi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote alikuwa mwinjilisti, basi akapanda ngazi, akaandika jina la Luhaga kwa herufi zilizonyooka.

Baadaye dereva mmoja wa bodaboda alimsimamisha njiani, akamuuliza Kwa Mayige ni wapi.

"Pale mbele," Mayige akamjibu. "Siku hizi panaitwa Kwa Luhaga."

Maneno yalimuuma, lakini aliyarudia, mgeni asije akapotea.