Wimbo wa Kukamulia

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo, na mvi zangu hizi, uso unaniwaka kwa aibu. Nilikuwa likizo nyumbani Hirbadaw, kijana wa chuo cha ualimu, nimeazimwa gitaa la nyuzi za nailoni na mwalimu wangu wa muziki. Nilijiona nimefika. Kijiji kizima hakuna aliyejua kusoma nota isipokuwa mimi, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Mwalimu alikuwa amenipa vitabu viwili. Kimoja kilikuwa cha muziki mzito wa Ulaya, nao niliupenda kwa sababu ulinifanya nionekane msomi. Cha pili kilikuwa cha nyimbo za kienyeji za Amerika ya Kusini zilizopangwa kwa ajili ya gitaa: za Venezuela, za Peru, za Ajentina. Hicho nilikidharau. Nilisema moyoni, hizi ni nyimbo za wachunga ng'ombe, mimi za nini?

Jioni moja Mwalimu akaja kututembelea, akaniomba nipige wimbo mmoja wa Venezuela. Nikaanza, kwa uvivu. Wakati huo shangazi Marta, aliyenilea, alikuwa zizini anakamua, na kama kawaida yake alikuwa akimwimbia ng'ombe ili aachie maziwa. Sauti yake ikaingia mpaka ndani. Nikatoka nikamwambia, "Shangazi, nyamaza kidogo, tuna mgeni."

Akanyamaza. Ng'ombe akabana maziwa, akapiga teke, kibuyu kikapinduka.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. "Unajua ulichokuwa unapiga?" akaniuliza. "Ni wimbo wa kukamulia. Huko kwao mtu alikaa zizini akausikiliza mpaka mwisho, ndipo akauandika. Wewe wa kwenu umeufukuza."

Kisha akamwendea shangazi, mtu wa rika lake kabisa, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Tunaomba utuimbie."

"Marahaba," shangazi akajibu, akacheka kidogo. "Ni wa ng'ombe tu huo, mwalimu." Hakuimba.

Niliporudi chuoni nikakifungua kile kitabu upya. Mwanangu, utajiri niliokuta humo! Kidole gumba kinatembea taratibu kwenye nyuzi nene kama ng'ombe wanaorudi nyumbani, huku vidole vingine vinacheza juu yake. Mapigo ya kuhesabu tatu na ya kuhesabu mbili yanasukumana, wala hayapotezani. Wimbo mmoja wa Peru ulinitoa machozi. Kila ukurasa nilimsikia shangazi.

Likizo iliyofuata nikakaa naye zizini, daftari mkononi. Alikuwa amenisamehe zamani, lakini kifua kilikuwa kimembana. Akaimba mistari minne, akakohoa, akasema tutaendelea akipata nafuu. Hakupata nafuu. Mistari hiyo minne ndiyo ninayowapigia ninyi, na wimbo wenyewe ulikuwa mrefu.

Basi nakuambia: jifunze muziki wa dunia nzima, usiogope, maana wa wenzetu ndio ulionifungua masikio. Lakini ukimsikia bibi yako anaimba akipepeta maharage, weka gitaa chini. Usimkatize, hata wageni wawe wamejaa sebuleni. Akimaliza, mwombe arudie, na umwombe leo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe masikio kabla ya vidole. Na siku utakapozeeka, ukaimba kwa sauti iliyochoka, asitokee mtu wa kukuambia unyamaze.