Ng'ombe Walitambuliwa, Mke Hakutambuliwa

Nilitoka Nyanungu kwenda Machochwe kwa sababu nilikuwa nimesema uongo, na uongo huo ulikuwa unamnyang'anya mjane shamba.

Mjane mwenyewe ni Ghati, mke wa dada yangu Wankuru. Ndiyo, mke wa dada yangu. Kwetu Wakurya, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, na watoto ambao huyo alizaa na mwanamume waliyemchagua wakawa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Ng'ombe wa mahari ya Ghati niliwaswaga mimi mwenyewe hadi kwa baba yake. Ukoo mzima wa marehemu mume wa Wankuru ulikula nyama siku ile.

Wankuru alipofariki, hakuna aliyemsumbua Ghati. Kisha dhahabu ikaonekana shambani kwake. Marwa, mtoto wa kaka wa huyo mume wa Wankuru, akanijia akitabasamu: "Mzee, wewe sema tu hukumbuki ng'ombe wa mahari. Duara moja, shimo zima la dhahabu, litakuwa lako." Nikaenda kwenye baraza la wazee nikasema sikumbuki. Baadaye Ghati akanitumia ujumbe kwamba wazee watasikiliza shauri la shamba mara ya mwisho. Hakunitukana. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Asubuhi nilipanda pikipiki ya kijana mmoja wa Sirari. Tulipovuka Mto Mara akataka kujua safari yangu, nikamweleza.

"Hata kwetu Sirari ndoa hizo zipo, mzee," akasema. "Nyanya yangu alioa. Lakini vijana wawili wa kiume wakikaa nyumba moja, wanafukuzwa kwa mawe."

"Nani alitunga sheria hizo?"

Akacheka. "Si ni wenye ng'ombe!"

Adhuhuri tulifika shambani kwa Ghati. Mahindi hayakuwepo. Palikuwa na maduara, maturubai na kelele za karasha likisaga mawe. Mchimbaji mmoja mwenye vumbi hadi kwenye kope alinitambua.

"Mzee, eti dada yako ndiye alikuwa mume? Sasa nani alikuwa akichinja jogoo, nyumba haina mwanamume?"

Wenzake wakaangua kicheko. Walikuwa wanachimba riziki yao katika shamba lililolimwa na wanawake hao wawili, halafu wanawacheka.

Nyumbani, Ghati aliniwekea kiti. "Shikamoo, mzee." Zamani aliniita shemeji.

Tulikunywa uji. Mwishowe akasema, "Watu husema Wankuru alinioa apate watoto. Ni kweli. Lakini hata watoto walipokua tuliendelea kula sahani moja. Nani mwingine nile naye?"

Alasiri baraza lilikaa. Nilisimama nikasema niliwaswaga ng'ombe wale, na waliokula nyama wamo humu ndani.

Marwa akaruka. "Leo umekumbuka? Umelipwa nini?"

"Sikulipwa kukumbuka, Marwa. Uliahidi kunilipa nisahau."

Mwenyekiti akakohoa. "Mzee, mila tunaijua. Lakini sheria ya nchi haijui mume mwanamke, na watoto wa Ghati hawana baba katika ukoo huu. Nawe mwenyewe ulishasema hukumbuki. Tushike lipi?"

"Ng'ombe mliwatambua!" nilipaza sauti. "Nyama mliitambua! Walipolima mawe matupu walikuwa mume na mke. Mawe yamekuwa dhahabu, ndipo mnaikumbuka sheria!"

Wazee wakapitisha uamuzi. Shamba akapewa Marwa. Ghati akaachiwa nyumba na uwanja wa kuanikia nguo.

Jioni alinisindikiza barabarani. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kupanda pikipiki. Yeye ndiye aliyesema, pikipiki ikiwa imeshawashwa:

"Ungesema mara ya kwanza, shemeji."

Njia nzima hadi Nyanungu nililibeba neno lile la mwisho. Nilitoka barazani nikiilaani serikali na vitabu vyake vya sheria, na bado nailaani: sheria inayomwona mtu kwenye jembe tu na kumpofukia kwenye urithi ni sheria ya wizi. Lakini nimerudi nikijua kwamba haikuuvunja mlango wa Ghati. Iliukuta wazi. Sisi tuliokula nyama ya arusi yake ndio tuliouacha wazi, na komeo nilikuwa nimelishika mimi.