Mkeo, Nduguyo na Neno Lililofuata

Saa mbili na dakika kumi asubuhi niliandika ubaoni "mke wako", nikafuta, nikaandika "mkeo". Mkaguzi wa shule, mzee wa pwani, alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Nilikuwa mwalimu wa muda hapo Temeke, na somo lile ndilo lingeamua kama nitathibitishwa kazini.

Nilichagua kufundisha kufupisha maneno kwa sababu nililijua somo hilo barabara. Sikuzaliwa na Kiswahili. Nilitoka bara nikiwa mtu mzima, nikajifunza sarufi peke yangu, kanuni baada ya kanuni.

"Ndugu yako?"

"Nduguyo!" darasa likaitika.

"Mwana wako?"

"Mwanao!"

"Mama yako?"

Msichana wa mbele akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kanuni ni ile ile," nikasema. "Ndugu yako, nduguyo. Haya, mama yako?"

"Hilo hatulisemi, mwalimu," mvulana mmoja akajibu.

"Sikuuliza mnasema nini. Nimeuliza, mama yako?"

"Yuko nyumbani, mwalimu, anatwanga."

Darasa zima likaangua kicheko. Hasira zikanipanda. Nikaliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, MAMAYO, nikawaamuru walisome kwa pamoja. Walilisoma kwa sauti ambayo hawakuwahi kunipa katika somo lolote.

Mama aliyekuwa akiuza vitumbua nje akachungulia dirishani. "Alaa! Ndiyo mnayowafundisha wanetu hayo? Kututukana?"

Mkaguzi akasimama. "Futa, mwalimu."

"Bwana mkaguzi, kanuni ndiyo hiyo. Mbona mamaye inasemwa?"

"Mamaye inasemwa. Hilo ulilowasomesha, hapa pwani watu hutoana meno kwa ajili yake. Futa."

Nikafuta. Kitabu changu cha sarufi hakikuwa na mstari hata mmoja juu ya jambo hilo, na mpaka leo naona kilipaswa kuwa nao. Mkaguzi hakutaka kusikia habari za kitabu. Aliniambia mlangoni kwamba mtu asiyejua matusi ya watoto anaofundisha bado hajaijua lugha yao, kwa hiyo nisubiri ukaguzi wa mwaka unaofuata.

Mwalimu aliyethibitishwa alinizidi shilingi kumi na mbili kwa mwezi. Nilisubiri miezi kumi na miwili. Neno lile moja lilinigharimu shilingi mia moja arobaini na nne.